Nyayo za Kukopa

Mirja alinipa ufunguo ndani ya soksi ya mtoto
na karatasi ya mambo kumi na moja, mwandiko wa mbio:
maji yafungwe kwenye bomba kuu, joto usilizime, lipunguze tu,
samaki punje nne, si tano, hata wakikukodolea macho,
taa ya ghorofani iwake saa kumi na moja, izimwe saa nne.
La mwisho alilipigia mistari miwili:
Tembea.

Kwa maana hapa Kajaani, mwezi wa pili,
theluji ndiyo mbea wa mtaa.
Ikianguka usiku, kukapambazuka haijakanyagwa,
humnong'oneza kila apitaye: hawa hawapo,
wamefuata jua visiwa vya Kanari,
na kitasa cha mlango wa nyuma ni kibovu.

Miaka thelathini na sita nilikuwa tarishi.
Najua nyumba inavyojitangaza kuwa tupu:
sanduku la barua linatapika magazeti,
pazia limelala vilevile Jumatatu hadi Ijumaa,
pipa la taka limevaa kofia ya barafu.
Nyumba njema si mlango, walisema wahenga.
Mwizi haulizi wema. Huanza na mlango.

Basi nikatembea.
Nikavaa mabuti ya Jorma, mume wa Mirja,
yanayonizidi namba tatu, nimeyajaza gazeti nchani,
nikaenda hadi sanduku la barua, nikarudi,
nikaenda stoo ya kuni, sina haja ya kuni.
Siku ya tatu nikaona hadithi yangu ina pengo:
mwanamume mmoja, huku na huko, kama askari jela.
Nikachukua viatu vya Pihla, vyekundu, vya miaka sita,
nikavivaa mikononi.
Nikainama, kiuno kikinitukana,
nikamtembeza mtoto asiyekuwepo:
hatua fupi, hatua fupi, ruka, kisha duara,
na pale penye bembea nikamwangusha,
maana pale huanguka.

Polisi akasimamisha gari.
Akamtazama mzee wa miaka sabini na mitatu
akitambaa uani kwa watu,
viatu vya mtoto mikononi.
"Kuna tatizo, mzee?"
"Hakuna. Nalinda nyumba."
Akafikiri kidogo. Akaondoka polepole sana.

Jioni ile, nikiwasha taa ya ghorofani,
niliiona dirishani nyumba yangu, ng'ambo ya barabara.
Sikuwahi kuitazama kutoka huku.
Chumba cha juu, cha Kerttu, giza la miaka miwili.
Njia ya sauna imezibwa, hakuna aliyeipita tangu yeye.
Mlangoni mstari mmoja wa nyayo, watoka, warudi,
watoka, warudi, zote namba arobaini na moja.
Jicho la tarishi halistaafu. Likasema:
ndiyo hiyo. Ningekuwa mwizi ningeanza na hiyo.

Usiku wa mwisho kabla hawajarudi
usingizi ulinipita kama basi lililojaa.
Saa tisa nikavuka barabara
na mabuti ya Jorma, na ya Mirja yenye manyoya,
na vile vyekundu,
nikajiletea wageni watatu hadi kizingitini.

Wakarudi, pua zimebabuka kwa jua.
Samaki wazima, mabomba mazima.
Mirja akanipa jibini la mbuzi, akahesabu vijiko
akidhani simwoni, kisha akaona aibu akanikumbatia.
Pihla peke yake ndiye aliyesoma theluji.
Akavaa vyekundu vyake, ndani bado vibichi,
akazifuata nyayo zake, akizikanyaga moja moja,
akashangaa zinavyomtosha,
zikakatika barabarani, akaangalia magari, akavuka,
akaziokota tena uani kwangu.

"Nilikuja hapa lini?"
"Jana usiku," nikamwambia. "Ila hukubisha hodi."

Akafikiri kidogo, kama yule polisi.
Kisha akabisha hodi,
ingawa mlango ulikuwa wazi
na mimi nimesimama hapo hapo.